UZI: Mtoto anashiba lakini kilo hazipandi. Tuanze na sufuria ya uji

Lishe_Jinja

Habari za humu wazazi na walezi.

Kuna swali linalorudi humu kila mara: mtoto alikuwa mnene hadi miezi 5 au 6, kisha mstari wake kwenye kadi ukalala. Halii njaa, tumbo limejaa, anacheza, ila mizani haisogei. Watu wanakimbilia dawa ya minyoo, sharubati ya vitamini na dawa za kuongeza hamu ya kula. Kabla ya hayo yote naomba tufunue sufuria.

Maziwa ya mama yana kalori 65 hadi 70 kwa kila mililita 100. Uji unaopikwa katika nyumba nyingi hapa Uganda, kuanzia Busia mpaka Arua, ni vijiko 2 vikubwa vya unga wa mahindi kwa kikombe cha mililita 250. Vijiko hivyo vikiwa vya kusawazisha ni gramu 16 hivi za unga, yaani kalori zisizofika 60. Gawanya: unapata kalori 22 au 23 kwa mililita 100, theluthi moja ya maziwa ya mama. Sasa tumbo la mtoto wa miezi 8 mwenye kilo 8 linabeba mililita 240 hivi kwa mkupuo mmoja. Likijazwa uji ule, titi halipati nafasi. Mtoto ameshiba kweli, ndiyo maana halii. Ameshiba maji.

Matoke nayo ni hivyo hivyo kwa upande wa protini. Gramu 100 za matoke zina gramu 1 hivi, na muhogo haupishani nayo sana. Maharage yaliyopikwa, kwa uzito ule ule, yana 8 au 9. Matoke na mchuzi wa juujuu bila kitu kilichozama ndani yake ni chakula cha kumjaza mtu mzima ambaye atakula tena jioni. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kula sahani mbili.

Uji unaofaa kwa mtoto wa miezi 9 na kuendelea, kipimo cha kikombe kimoja cha mililita 250:

Unga wa mahindi au ulezi, vijiko vikubwa 3 vya kufurika (gramu 40 hivi). Karanga zilizosagwa zikawa laini, kijiko kikubwa 1 cha kusawazisha. Mukene (dagaa wa ziwani) wa unga, kijiko kikubwa 1. Mafuta ya kupikia, kijiko cha chai 1.

Koroga unga na maji baridi kwanza usifanye madonge, mimina kwenye maji yanayochemka, acha uive dakika 15 hadi 20 moto wa wastani. Karanga na mukene ziingie dakika 10 za mwisho, maana karanga zikiingia mapema zinashika chini na uji unanuka kuungua. Mafuta weka ukishaepua. Hapo kikombe kina kalori karibu 300, ambazo ndizo mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya vizuri anahitaji kutoka kwenye chakula kwa siku nzima. Kigawe mara mbili, halafu mlo wa tatu uwe chakula cha sahani.

Kipimo cha macho: chota, inamisha kijiko. Uji ukitiririka kama maziwa, urudishe jikoni. Unatakiwa ukae, halafu udondoke bonge moja polepole. Na ulishwe kwa kijiko na bakuli. Uji unaopita kwenye tundu la chuchu ya chupa ni uji mwepesi hata ukiuita jina gani, na chuchu yenyewe ni vigumu kuisafisha ikatakata.

Idadi ya milo: miezi 6 hadi 8, mara 2 au 3 kwa siku, ukianza na vijiko 2 au 3 tu na kupanda hadi nusu kikombe. Miezi 9 hadi 11, mara 3 au 4, nusu kikombe kila mlo, na kitu kidogo katikati kama parachichi au ndizi mbivu. Mwaka 1 hadi 2, mara 3 au 4, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, na vitu vidogo viwili. Titi liendelee hadi miaka 2.

Mama_Nansana

Asante sana musawo (daktari). Swali: mtoto wa miezi 7 akipewa uji mzito anautema wote kwa ulimi, mwepesi anaumeza. Bibi yake anasema koo lake bado bichi. Tufanyeje?

Lishe_Jinja

Mama, ulimi kusukuma kitu nje ni jambo la kawaida mwanzoni, mtoto alizaliwa nao ili asipaliwe. Unapungua kadiri anavyojifunza. Weka nusu kijiko cha chai katikati ya ulimi (si ncha), subiri afunge mdomo, toa kijiko bila kumfuta uji kwenye ufizi wa juu. Akitema, futa, mpe tena. Chakula kipya kinaweza kukataliwa mara 8, mara 10, ndipo kikubaliwe, na wengi wetu tunaacha mara ya tatu.

Mlishe akiwa ameketi wima na ameuona uso wako. Kumlaza mapajani na kumziba pua ili ameze ni hatari: uji unaingia mapafuni. Naliandika hili waziwazi kwa sababu bado linafanyika.

Na msikae kwenye vitu laini milele. Miezi 8 apewe vyenye vidonge vidogo na vya kushika mwenyewe, kama kipande cha kiazi kitamu kilichoiva au parachichi. Mwaka mmoja ale cha familia kikiwa kimekatwakatwa. Mtoto anayefika miezi 10 bila kutafuna chochote huwa msumbufu wa kula baadaye.

Ulezi_Soroti

Kwa wanaoshindwa na uji mzito, kuna kimea. Wazee wa huku Teso wanakijua kwa pombe, ila kinafaa sana kwa uji wa mtoto kama ukifuata utaratibu.

Chukua ulezi safi kilo 1, loweka saa 12, chuja, tandaza juu ya gunia safi lenye unyevu na funika. Nyunyiza maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vichipukizi vinafika sentimita 1 hivi. Anika juani hadi vikauke kabisa, sugua viganjani vichipukizi vitoke, pepeta, saga. Usikaange. Ukikaanga umeua kile kinacholainisha uji.

Matumizi: pika uji mzito kabisa, epua, uache upoe hadi kidole kivumilie sekunde chache. Hapo tia kijiko cha chai 1 cha kimea kwa kikombe, koroga. Ndani ya dakika 5 hadi 10 utaona kwa macho uji uliosimama unalegea na kuanza kutiririka bila kuongeza tone la maji. Urudishe motoni uchemke dakika 5 ili vijidudu vya kwenye kimea vife. Kosa la kawaida ni kutia kimea uji ukiwa unatokota, halafu mtu analalamika kwamba hakijafanya kazi.

Mambo mawili ya hatari. Kimea kikiota ukungu wa kijani au mweusi, tupa chote, usichambue. Na ukitumia mtama badala ya ulezi, vichipukizi vya mtama vina sumu ya sianidi, kwa hiyo bora mbaki kwenye ulezi.

BabaPacha_Mbale

Mnasema karanga na mukene, sawa. Lakini kuna unga wa mchanganyiko madukani wenye vitu 7, 10, hadi 12 ndani ya mfuko mmoja. Hauwezi kumaliza kazi yote?

Nafaka_Kampala

Ndugu, wingi wa vitu kwenye mfuko si ubora. Angalia haya.

Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isisagike tumboni. Lazima ilowekwe, ichemshwe nusu saa, ianikwe, ikaangwe kidogo, ndipo isagwe. Wengi wanasaga mbichi pamoja na mahindi, na mtoto anapata gesi na kuharisha. Harufu ya majani mabichi kwenye unga ni dalili yake.

Karanga zikisagwa na unga, mafuta yake yanaanza kuchacha baada ya wiki chache, hasa dukani ambako jua linapiga mifuko. Ladha inakuwa chungu kwa nyuma ya ulimi. Saga karanga za wiki moja, hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko.

Ukungu sasa. Karanga na mahindi yaliyokauka vibaya hushika sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Inaumiza ini, na watoto wanaokula vyakula vyenye sumu hiyo kwa muda mrefu wameonekana pia kudumaa. Zilizokwisha sagwa sokoni huwezi kuzikagua, na mara nyingi kinuni ndiko zinakopelekwa zile mbovu. Nunua nzima, mwaga kwenye ungo, toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye doa la njano au jeusi. Kazi ya nusu saa kwa kilo 2.

Mukene nao uko wa aina mbili. Ule ulioanikwa mchangani ndio unaoenda kwenye chakula cha kuku. Wa kula watu umeanikwa juu ya nyavu au vichanja, unang'aa rangi ya fedha, hauachi mchanga ukiusugua kiganjani. Nyumbani usuuze kwa maji ya moto, anika tena, kaanga pakavu hadi uvunjike kwa kidole, twanga, chekecha. Usitoe vichwa wala mifupa, chokaa ya mifupa ya mtoto iko humo.

Kwa hiyo, vitu 3 ulivyosafisha mwenyewe vinashinda 12 usivyovijua.

Hajati_Bombo

Mmezunguka mno, mbona hamtaji kitobero? Pale Mwanamugimu, kitengo cha lishe cha hospitali ya Mulago, akina mama wamefundishwa miaka na miaka: chakula cha wanga, chakula cha protini na mboga, vyote kwenye jani moja la mgomba, mvuke mmoja, sufuria ile ile ya matoke ya familia.

Kwa mlo wa mtoto wa mwaka mmoja: matoke vidole 2 vilivyomenywa, maharage kiganja kimoja cha mtoto mkubwa, mukene wa unga kijiko kikubwa 1 au yai 1, dodo (mchicha) iliyokatwa laini kiganja kimoja, chumvi kidogo sana au usiweke kabisa. Babua jani motoni lilegee lisipasuke, funga, weka juu ya matoke ya wakubwa. Yakiiva fungua, ponda kwenye jani hilo hilo na ule mchuzi wake, usiumwage.

Mkunga_Tororo

Hajati shikamoo. Hapo kwenye maharage niongeze neno. Maharage makavu yasiingie kwenye jani yakiwa mabichi. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu inayokufa kwa kuchemka sana, na katikati ya kifurushi kilichofungwa joto huchelewa kufika. Yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe hadi yapondeke kwa vidole viwili, toa maganda, ndipo yaingie kwenye jani. Maganda ndiyo yanayowapa wadogo gesi.

Hajati_Bombo

Marahaba mwanangu. Kweli, maharage yanatangulia. Nimekubali.

Mkunga_Tororo

Sasa tusiishie jikoni. Lazima mjue mtoto wa kulishwa nyumbani na mtoto wa kupelekwa kituoni leo hii.

Uzito upimwe kila mwezi, mtoto akiwa hana nguo nzito, mizani ikianzia sifuri. Namba moja haisemi kitu, soma mstari. Mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda sambamba na ule wa kadi yuko salama kuliko mnene ambaye mstari umelala miezi miwili. Mtoto huwa na uzito mara mbili ya wa kuzaliwa akifika miezi 5 hivi, na mara tatu akifika mwaka. Njiti hesabuni umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Utepe wa mkono, kwa miezi 6 hadi 59: mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia, utepe uguse ngozi usikaze. Sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, twende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wahudumu wa VHT (timu za afya za vijiji) wanao utepe huu.

Kisha miguu. Bonyeza kwa dole gumba juu ya nyayo zote mbili, hesabu sekunde 3, achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, hiyo ni kwashakoo, utapiamlo wa kuvimba, hata kama mizani inasoma vizuri, kwa sababu maji yana uzito. Watu wanadanganyika hapa. Mashavu yamejaa, wanasema mtoto kanenepa, kumbe kavimba.

Mtoto ambaye utepe wa mkono umesoma nyekundu, mwenye uvimbe wa miguu au asiyetaka kula kabisa, msimjaze chakula kizito nyumbani. Mwili wake haumudu, moyo unaweza kushindwa. Kituoni wanampima hamu ya kula. Akila vizuri na hana ugonjwa mwingine anatibiwa akiwa nyumbani kwa pakiti za karanga za gramu 92, zenye kalori 500 kila moja. Asipokula analazwa na kuanzishiwa maziwa maalumu kidogo kidogo. Pakiti hizo ni dawa yake, wasigawiwe ndugu zake.

Na mtoto anayekula haya yote vizuri mwezi mzima bila kupanda, aombewe kipimo cha VVU na uchunguzi wa kifua kikuu. Msione haya kuuliza.

Mama_Nansana

Na hii ya kusema mama akipata mimba nyingine maziwa yanamdhuru anayenyonya? Kwetu wanaita obwosi, wanamwachisha siku hiyo hiyo.

Mkunga_Tororo

Maziwa ya mjamzito hayana sumu, mama. Kinachomdhoofisha mtoto ni kuachishwa ghafla na kukabidhiwa uji mwepesi na matoke. Kama mimba haina matatizo, anyonyeshe, na mama mwenyewe aongezewe mlo. Ikibidi kuachisha, fanya kwa wiki kadhaa, titi moja la siku likibadilishwa na mlo mmoja kamili.

Kinywa_Gulu

Naomba kuingiza jambo linaloua watoto wa umri huu huu. Mtoto wa miezi 5 hadi 8 akiharisha na kuwa na homa, watu wanamfunua mdomo, wanaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, wanasema ni ebiino, meno ya uongo, yang'olewe. Uvimbe ule ni jino changa la chonge linalojiandaa kuota. Anayeng'oa anatumia msumari, wembe au spoku ya baiskeli. Mtoto anavuja damu, anaingiwa na vijidudu, anapoteza jino la utoto na mara nyingine lile la kudumu lililo chini yake. Kwa maumivu hanyonyi, kwa hiyo anakaukiwa maji upesi zaidi.

Kuharisha kunaanza umri huo kwa sababu ndipo chakula, maji na kutambaa vinapoanza. Tibu kuharisha:

Pakiti 1 ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa ya soda ya nusu lita, zijaze mbili. Usigawe pakiti kwa kukisia; ikiwa nzito mno inaongeza hatari, ikiwa nyepesi haisaidii. Mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha kama ana chini ya miaka 2, mililita 100 hadi 200 kama amezidi. Kwa kijiko. Akitapika, pumzika dakika 10, endelea polepole zaidi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Zinki: nusu ya kidonge cha miligramu 20 kwa aliye chini ya miezi 6, kidonge kizima kwa aliyezidi, kila siku kwa siku 10 hata kama kuharisha kumekoma siku ya pili. Kidonge kinayeyuka kwenye kijiko chenye maziwa ya mama.

Titi na chakula visisimame, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Damu kwenye kinyesi, kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege au kulegea asiamke: kituoni mara moja, hata usiku.

BabaPacha_Mbale

Ndugu zangu, mtoto wa miezi 14 hajatembea lakini anakula vizuri. Ni lishe au ni kitu kingine?

Hatua_Mbarara

Miezi 14 bado yumo ndani ya muda. Watoto wazima wanatembea wenyewe kuanzia miezi 8 hadi karibu 18. Cha kuangalia ni kama anapiga hatua ya mbele kila mwezi: anasimama kwa kushika, anatembea akishikilia kiti. Mpeleke akaonwe kama hakai mwenyewe akifika miezi 9, hatembei akifika 18, hana neno lolote lenye maana akifika 18, hageuki ukimwita kwa nyuma, anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, au amepoteza kitu alichokuwa anakiweza. Hilo la mwisho halisubiri hata wiki.

Lishe inaingia kupitia damu. Fungua kiganja chake ukilinganishe na chako mwangani. Kikiwa cheupe, huenda damu imepungua, na huku kwetu malaria na minyoo vinachangia. Mtoto mwenye upungufu huo huwa mzito wa kucheza na mzito wa kujifunza. Ini la kuku au ng'ombe, kipande cha vidole viwili, mara moja kwa wiki, lisagwe kwenye chakula chake. Tunda chachu kama chungwa au pasheni liambatane na maharage na dodo ili madini ya chuma yaingie. Chai, hata ya maziwa, isitolewe pamoja na mlo wa mtoto. Inazuia yale madini, na ndiyo kinywaji cha kwanza tunachowapa.

Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu kabla ya mwaka. Asali kabla ya mwaka hapana kabisa.

Mwezi wa Aprili na Oktoba kuna siku za afya ya mtoto: vitamini A kuanzia miezi 6, dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1. Chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa nchini 2025 katika wilaya zilizochaguliwa, ni miezi 6, 7, 8 na 18. Ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika, na inakwenda pamoja na surua ya pili.

Mama_Nansana

La mwisho kwa leo. Uji ukipikwa asubuhi unakaa hadi saa ngapi bila friji?

Lishe_Jinja

Muda wa saa 2 tangu upikwe, usizidi. Wenye karanga na mukene unaharibika haraka kuliko uji mtupu. Changanya unga mkavu wa wiki moja kwenye kopo, sehemu 3 za unga kwa 1 ya mukene, upike kikombe kimoja kimoja. Karanga na mafuta vikae pembeni, viingie siku ya kupika. Kama lazima utoke asubuhi, acha kopo, kipimo na maelekezo kwa anayebaki na mtoto, na umwonyeshe mara moja ule uji unaodondoka bonge. Mwache apike yeye ukiwa umesimama hapo.